Taa Kiunoni: Usiku wa Dragon's Dogma Ukisomwa kutoka Same

Michezo mingi ya video haina usiku. Ina rangi ya buluu iliyopakwa juu ya mchana, mwezi mkubwa kupita kiasi, na njia inayoonekana wazi mpaka mbali. Mchezaji hutembea humo kama atembeavyo saa sita mchana. Dragon's Dogma, mchezo wa kampuni ya Capcom ya Japani ulioongozwa na Hideaki Itsuno na kutolewa mwaka 2012, ni wa namna nyingine. Jua likizama katika nchi ya Gransys, giza linakuwa giza. Barabara uliyoipita asubuhi huku ukichuma majani ya dawa haionekani tena. Unaona hatua chache tu mbele ya miguu yako, kadiri ya mwanga wa taa ndogo iliyofungwa kiunoni, na taa hiyo inakunywa mafuta.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kitabu cha imani kizungumze habari za mchezo wa namna hii. Jibu letu ni fupi. Vijana wetu wanacheza. Katika vibanda vya gemu mjini Same ni mpira unaotawala, kwa sababu mechi huisha upesi na anayefuata yuko kwenye foleni. Michezo ya hadithi ndefu huchezwa nyumbani, kwenye mashine iliyonunuliwa mtumba au kompyuta ya kaka aliyerudi kutoka chuoni. Mtu akikaa saa hamsini ndani ya hadithi, hadithi hiyo inamfundisha kitu, apende asipende. Sisi tunaolea vijana katika usharika hatuna budi kujua inafundisha nini. Tumeupima mchezo huu na ule uliofuata, Dragon's Dogma 2 wa mwaka 2024, kwa swali moja: je, unasema kweli kuhusu mtu anayesafiri usiku?

Swali hilo si geni kwetu. Anayekaa Same anaujua usiku wa njiani. Mji wetu upo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na malori hayalali. Upande wa mashariki barabara ya Kisiwani, Maore na Ndungu inapita kati ya milima na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambapo tembo havuki kwa ratiba ya mtu. Juu kuna Vudee, Mbaga, Chome, Suji na Mamba, na barabara za kupanda huko zina kona ambazo hata mchana dereva huzipigia honi. Tangawizi ya Mamba inashuka kwa njia hizo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anashuka kwa njia hizo hizo, mara nyingi juu ya bodaboda, na uchungu hausubiri kupambazuke. Kabla ya barabara hizi, katika karne ya 19, misafara kutoka Pangani ilifuata bonde la mto chini ya milima kwenda Kilimanjaro, na watu wengi walijenga juu kwa kuwa bondeni kulikuwa na hatari. Mpare hahitaji kuambiwa na Capcom kwamba usiku una wenyewe.

Tuanze na sifa ya kwanza ya mchezo huu: unaheshimu giza. Mhusika mkuu ni mvuvi au binti wa kijiji cha pwani, Cassardis, ambaye joka limemtoa moyo wake naye akabaki hai. Tangu hapo anaitwa Aliyeinuka, na anamfuata joka kote nchini. Safari ni ndefu na miguu ndiyo usafiri. Mchezo wenyewe humfundisha mchezaji kutazama jua. Ukitoka mjini saa kumi alasiri kwenda ngome iliyo mbali, utafika usiku. Mifupa inayotembea na maiti waliofufuka watakukuta njiani, na mbwa mwitu watakuja kundi zima. Kwetu jina hilo la mbwa mwitu ni la mnyama halisi wa Mkomazi, naye pia huwinda kwa kundi, kwa hiyo kijana wa Same anaelewa upesi kwamba wa kumwogopa si yule aliye mbele yako bali yule usiyemwona ubavuni.

Jambo hilo linalazimisha hesabu. Mafuta ni kiasi gani? Mzigo una uzito gani? Nyumba ya wageni iko umbali gani? Ukiingia kwenye maji taa inazimika. Baada ya vifo vichache mchezaji anagundua kwamba mara nyingi ushujaa mkubwa ni kulipa pesa ya chumba, kulala, na kuondoka alfajiri. Michezo michache inathubutu kusema hivyo. Katika mingi, anayesita ni mwoga na anayekimbilia mbele ni shujaa. Hapa anayekimbilia mbele anakufa karibu na mto, na taa yake imezimika.

Taa hiyo imetufikirisha kuliko kitu kingine chochote katika mchezo. Bwana Yesu, katika Luka 12, anawataka watumishi wake wawe wamejifunga viunoni na taa zao zinawaka, kama watu wanaomngoja bwana wao arudi usiku. Katika Mathayo 25 anasimulia habari za wanawali kumi, na watano kati yao hawakubeba mafuta ya akiba. Tumeihubiri mifano hii mara nyingi kana kwamba ni ya ajabu na ya mbali. Wazee waliokulia kwenye koroboi na chemli hawakuhitaji maelezo. Walijua mafuta ya taa yakiisha usiku hakuna duka. Watoto wao wanabonyeza swichi, au tochi ya simu. Ni jambo la kushangaza kwamba kijana wa mwaka huu anaweza kulielewa fumbo la wanawali kupitia mchezo wa Wajapani kuliko kupitia mahubiri yetu. Ameishiwa mafuta mara tatu katikati ya msitu. Anajua kwamba wanawali wapumbavu hawakuwa wabaya. Walikuwa na taa, walikuwa njiani, walimpenda bwana arusi. Walikosea hesabu ya urefu wa usiku.

Sifa ya pili inahusu wenzako wa njiani. Aliyeinuka hutembea na wafuasi watatu. Mmoja umemuumba mwenyewe. Wawili umewaazima kutoka kwa wachezaji wengine popote duniani. Wa kwako naye, ukiwa umelala, anaweza kuazimwa na mtu usiyemjua, akapita njia ambazo wewe hujapita, kisha akarudi na ujuzi. Siku nyingine, unapokaribia pango fulani, anakuambia kwamba amewahi kufika hapo, kwamba adui huyu huogopa moto, kwamba njia salama iko kushoto. Huu ndio ubunifu mkubwa wa mchezo huu, na kwa maoni yetu ndilo somo lake kubwa kwa kanisa.

Sisi tunaliita jambo hilo ushuhuda. Lakini tazameni ushuhuda wetu unavyotolewa. Ndugu anasimama ibadani na kusema, nilisafiri usiku, nikapata matatizo, Mungu akaniokoa, Bwana asifiwe. Tunapiga makofi. Hatuulizi: ni kona ipi? Ni saa ngapi tembo walikuwa barabarani? Dereva alikuwa ameendesha tangu wapi? Ulimpigia simu nani? Mfuasi wa mchezo angetoa habari hizo zote, kwa sababu ameumbwa ili anayekuja nyuma asife mahali pale pale. Ushuhuda wetu unamtukuza Mungu, na hilo ni jema, lakini mara nyingi unamwacha anayekuja nyuma gizani. Katika Zaburi tunaona watu wa Mungu wakisimulia wokovu pamoja na shimo walimotolewa. Shimo nalo ni sehemu ya sifa. Anayelijua alitaje.

Hata hivyo hapa ndipo tunapoanza kuulalamikia mchezo huu. Wafuasi wake hawana nia yao wenyewe, na hadithi inasema hivyo waziwazi. Jina lao la Kiingereza, pawn, ni la yule askari mdogo wa mstari wa mbele katika sataranji, anayetolewa kafara ili wakubwa wabaki. Wanakusifu, wanakupigania, wanakufa kwa ajili yako, na ukiwagusa wanainuka tena. Wanasindikiza, lakini hawakuchagua kusindikiza. Kwa Kiswahili neno hilo ni zito. Mgeni husindikizwa, mwenyeji huacha moto wake na kutembea naye mpaka njia panda kwa kuwa anamjali, naye anajua kwamba itambidi arudi peke yake. Katika milima yetu kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji ya kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, na thamani yake ni kwamba kila mmoja ana shamba lake lakini ameliacha siku hiyo. Msafiri wa Emau katika Luka 24 alikuwa mwenza wa kweli kwa sababu angeweza kwenda zake. Wale wawili walimsihi akae kwa kuwa jua limekuchwa, naye akakaa. Dragon's Dogma unaweza kumwonyesha kijana faida ya kutotembea peke yake. Hauwezi kumwonyesha upendo wa anayekubali kutembea naye, kwa sababu katika nchi ile hakuna anayeweza kukataa.

Mchezo wa pili unaliona pengo hili, na unajibu kwa njia ya kutisha. Ndani yake umo ugonjwa wa majoka unaowapata wafuasi na kuenea kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Dalili zake ni ndogo: mfuasi anakuwa na kiburi, anapuuza amri, analalamika kichwa kinamuuma, macho yanang'aa wekundu. Mchezaji asiyejali anaendelea na safari. Siku anapolala katika nyumba ya wageni mjini, ugonjwa unalipuka, na asubuhi watu wa mji ule wamekufa. Wachezaji wengi duniani walikasirika mchezo ulipotoka. Sisi hatukukasirika, tuliona kwamba waandishi wamesema jambo la kweli. Mtu anaweza kushinda hatari zote za njiani, akapita mbwa mwitu na maiti, kisha akaingia mjini na kifo alichotembea nacho. Baba anaweza kumsindikiza binti yake kwa uangalifu kutoka stendi mpaka nyumbani, na hatari ikawa ni ndugu anayekaa naye nyumba moja. Usiku wa nje unatufanya tusahau usiku wa ndani.

Lakini dawa inayotolewa na mchezo haikubaliki kwetu. Mfuasi mgonjwa huachwa aende zake, au hutupwa majini apotee. Hakuna kumtibu. Hakuna kukaa naye nje ya mji mpaka apone. Hadithi iliyojua kuonya vizuri hivyo haikujua kuponya, na nadhani sababu ni ile ile: asiye na nia si mtu, na asiye mtu hutupwa bila kilio. Injili inakwenda njia nyingine. Mwenye ukoma katika Marko 1 anaguswa kabla hajatakasika. Kijana aliyezoea kumtupa mwenzake majini kwenye kioo hatatupa mtu ziwani, hatusemi hivyo. Tunasema tu kwamba tunapomkuta akicheza, hapo ndipo pa kukaa naye na kumwuliza: je, ungekuwa na njia ya tatu, ungefanya nini?

Mchezo wa pili una jambo jingine la kusifiwa, nalo ni uchovu. Kila ukipigwa, kiwango cha juu cha uhai wako kinashuka, na dawa za kawaida za njiani hazikirudishi. Kinarudi ukilala. Unaweza kupiga hema porini, ukapika nyama, ukalala, ingawa hata huko adui anaweza kukuvamia usiku. Unaweza pia kulipa nauli ya mkokoteni wa maksai unaotembea kati ya miji, ukasinzia humo, na ukaamshwa na kelele kwa sababu umeshambuliwa; mkokoteni ukivunjwa, unamaliza safari kwa miguu. Kila abiria aliyewahi kusinzia ndani ya basi kati ya Korogwe na Same anaijua hali hiyo ya kukabidhi usingizi wake kwa macho ya mtu mwingine. Nchi yetu ilikuwa na zuio la mabasi kusafiri usiku tangu miaka ya 1990, likaondolewa mwaka 2023. Biashara imepata nafuu, na wengi wameshukuru. Lakini mwili wa dereva haukubadilishwa na tangazo lolote. Malaika aliyemjia Eliya chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha ndipo akamwambia habari ya safari.

Sasa tufike kwenye kosa kubwa kuliko yote, ambalo si la mchezo huu peke yake. Ukifa, unarudi. Mchezo unakupa kuendelea kutoka mahali ulipohifadhi mara ya mwisho, au kutoka kwenye nyumba ya wageni uliyolala. Kifo kinakugharimu nusu saa. Bila hilo pasingekuwa na mchezo, tunaelewa. Lakini mwishoni mwa Juni 2025, hapa wilayani Same, katika eneo la Sabasaba, basi na Coaster ziligongana na kushika moto, na watu zaidi ya 30 walikufa. Hatuwezi kuandika habari za hatari za barabarani katika kitabu hiki kama watu ambao hawakuyaona makaburi. Hakuna aliyerudishwa mahali alipolala usiku uliotangulia. Kijana anayeendesha bodaboda bila taa ya mbele kutoka mjini kupanda milimani hahitaji kuhubiriwa kwamba michezo ni dhambi. Anahitaji mtu wa kumwambia kwa upole kwamba yeye hakuhifadhiwa mahali popote pa kurudia, na kwamba mama yake anajua hivyo kila akisikia pikipiki.

Hapa tunagusa imani yenyewe. Kwenye vioo vya nyuma vya magari yetu mara nyingi huandikwa jina la Zaburi ya 91, ile inayozungumza juu ya kutoogopa hofu ya usiku na juu ya malaika wanaotumwa kumlinda mtu katika njia zake. Tunaipenda Zaburi hiyo. Lakini tukumbuke nani mwingine aliwahi kuinukuu. Katika Mathayo 4, juu ya kinara cha hekalu, ni Ibilisi aliyeitumia, akimtaka Yesu ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka. Yesu hakusema kwamba ahadi ni ya uongo. Alikataa kuigeuza ahadi kuwa mtego wa kumjaribu Mungu. Anayeondoka saa nne usiku na tairi zilizokwisha, akisema Mungu atalinda, anasimama juu ya kinara kile kile.

Mfano bora wa safari ya usiku katika Biblia, kwa maoni yetu, ni ule wa Paulo katika Matendo 23. Usiku mmoja Bwana alisimama karibu naye na kumwahidi kwamba atashuhudia mpaka Rumi. Ahadi kubwa kuliko hiyo ni ipi? Kesho yake watu zaidi ya 40 wakaapa kumwua njiani. Paulo hakusema, nina ahadi, na tuende. Mpwa wake alipomletea habari, alimtuma kwa jemadari. Saa tatu ya usiku aliondoka Yerusalemu akiwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kubadili saa hiyo, maana tunahesabu kama wao walivyohesabu: saa tatu ya usiku ni saa tatu ya usiku. Ahadi ya Mungu haikumwondolea Paulo hitaji la habari, la wasindikizaji, na la kuchagua saa. Ilimwondolea woga tu. Dragon's Dogma, bila kujua, unasimama upande wa Paulo dhidi ya kinara cha hekalu, na kwa hilo tunausifu.

Basi tuwaambieje vijana? Tusiwanyang'anye mchezo. Tuwaulize maswali yake barabarani: mafuta ni kiasi gani, nani yuko nawe, nani amepita leo, utalala wapi usipofika? Mwenda pole hajikwai, walisema wazee, na mwenda pole ana muda wa kuuliza.

Lakini hatuwezi kuwauliza vijana kabla ya kujiuliza wenyewe kama kanisa. Mara ngapi mkesha wa maombi unafungwa saa nane usiku, baraka zinatolewa, taa za kanisa zinazimwa, na kina mama na wasichana wanashuka vichochoro na mabonde wakiwa na tochi ya simu yenye chaji kidogo? Tumeomba ulinzi kwa saa tano, kisha tukawatuma watu katika saa mbaya kuliko zote bila hata mtu wa kuwafikisha nyumbani. Katika nchi ya Gransys mtoto angejua kwamba hiyo ni hesabu mbaya. Pendekezo letu kwa sharika na mitaa ya milimani na ya tambarare ni dogo na halina gharama. Mkesha uwe mkesha: ukianza, ufike alfajiri, na watu waondoke wakiona miguu yao. Usipoweza kufika alfajiri, ufungwe saa tatu, na vijana wa usharika wapangwe kwa zamu kuwasindikiza watu mpaka mlangoni. Hao wanaweza kukataa, tofauti na wafuasi wa mchezo, na ndiyo maana wakikubali itakuwa ibada.